Bastola, Gobore na Kiboko: Hesabu za Risasi Kando ya Ziwa Victoria

Jioni, joto linapopungua kwenye Ghuba ya Mwanza, viboko hutoka majini. Mchana kutwa hukaa wamezama, pua na macho tu vikionekana kama vijiwe juu ya maji. Usiku hupanda nchi kavu kutafuta majani, na mnyama mmoja huweza kula hata kilo 40 kabla ya mapambazuko. Njia zao hupita katika mashamba ya mpunga, viazi na mihogo, na mara nyingine hukatiza njia za watu waendao mialoni alfajiri kununua dagaa na sangara. Hapo ndipo huzuka swali lisikikalo pande zote za ziwa, kuanzia Kayenze hadi Ukerewe na Sengerema: je, mtu mwenye bastola aweza kumzuia kiboko?

Majibu ya barazani ni mengi. Mmoja atasema kwamba yote hutegemea ukubwa wa tundu la mtutu. Mwingine atashikilia kwamba jambo kubwa ni mwendo wa risasi. Wa tatu atamkumbuka babu yake aliyemwangusha kiboko kwa gobore, tena kwa baruti ya kienyeji. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, lakini hakuna aliyeshika ukweli wote. Fizikia ifundishwayo katika shule za sekondari yatosha kabisa kuwaamua, na matokeo yake si yale ambayo wengi huyatarajia.

Kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili "risasi" ni jina la metali, ile ambayo wanakemia huiandika Pb, na pia ni jina la kitu kinachotoka katika mtutu. Lugha haikukosea. Metali hiyo huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi, hivyo huweza kumiminwa katika kalibu juu ya moto wa kuni. Na sentimeta moja ya ujazo ina gramu 11.3, zaidi ya mara kumi ya maji. Kitu kizito kilichokusanywa katika umbo dogo hakizuiliwi kwa urahisi na hewa. Sifa hizo mbili ndizo zilizoifanya metali hii kuwa chakula cha bunduki kwa karne nyingi.

Nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi

Baruti inapowaka ndani ya mtutu hugeuka gesi nyingi yenye joto kali. Gesi hiyo hutafuta nafasi, na nafasi pekee ni kuisukuma risasi mbele. Risasi itokapo mdomoni huwa imepewa nishati ya mwendo, na kila mwanafunzi anaijua kanuni yake: nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena. Tungamo likipimwa kwa kilogramu na kasi kwa mita kwa sekunde, jibu hutoka kwa jouli.

Ichukuliwe bastola ya kawaida ya milimita 9. Risasi yake ina gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde. Hesabu inatoa jouli 490. Sasa ichukuliwe bunduki ya AK, ambayo imeenea mno katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na ambayo majangili wameitumia kuwaua tembo wengi. Risasi yake nayo ina gramu 8. Ukiziweka zote mbili kwenye mizani hutaona tofauti ya maana. Lakini kasi yake ni mita 715 kwa sekunde, yaani mara mbili na kidogo. Nishati yake si mara mbili, bali ni jouli 2,045, zaidi ya mara nne. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuonyesha kwa nini kasi imezidishwa yenyewe kwa yenyewe katika kanuni ile hana haja ya kwenda mbali.

Kwa makadirio ya jumla, silaha zinazojulikana zaidi zinasimama hivi:

Bastola ya silinda ya .38: gramu 10.2, mita 260 kwa sekunde, jouli 345.
Bastola ya milimita 9: gramu 8, mita 350, jouli 490.
Gobore lenye risasi ya duara ya milimita 16: gramu 24, mita 250, jouli 750.
Bastola kubwa ya .44 Magnum: gramu 15.6, mita 430, jouli 1,440.
Bunduki ya .303, iliyotumiwa na majeshi ya Kiingereza na baadaye na askari wengi wa wanyamapori: gramu 11.3, mita 740, jouli 3,100.
Bunduki ya uwindaji ya .375: gramu 19.4, mita 770, jouli 5,750.
Bunduki ya uwindaji ya .458: gramu 32.4, mita 620, jouli 6,200.

Tarakimu za gobore zichukuliwe kwa tahadhari kuliko nyingine, kwa sababu hakuna magobore mawili yaliyo sawa. Fundi mmoja hushindilia baruti nyingi, mwingine kidogo. Mmoja huweka risasi moja, mwingine huweka marisaa na vipande vya nondo.

Kwa upande wa pili wa jedwali yupo mnyama mwenyewe. Kiboko mkubwa wa kilo 1,500 anayekimbia kwa mita 8 kwa sekunde (na nchi kavu anaweza, ingawa miguu yake ni mifupi) ana nishati ya mwendo ya jouli 48,000. Risasi ya bastola haifiki hata asilimia 2 ya hapo. Kama yuko umbali wa mita 20, sekunde mbili na nusu zitatosha kumfikisha.

Je, risasi humsukuma anayepigwa?

Filamu za Marekani na za Hong Kong zimewafundisha watazamaji jambo lisilo kweli: mtu hupigwa risasi, naye huruka nyuma kama aliyevutwa kwa kamba. Haliwezekani. Kinachoamua msukumo si nishati bali momenta, yaani tungamo mara kasi, na momenta haipotei. Risasi ya milimita 9 ina momenta ya 2.8 tu katika vipimo vya kilogramu na mita kwa sekunde. Mtu wa kilo 60 akiipokea yote mwilini, atasogea kwa kasi isiyofika sentimeta 5 kwa sekunde, kobe humpita. Risasi ya .375 ikimpata kiboko wa kilo 1,500, itambadilishia mwendo wake kwa sentimeta moja kwa sekunde.

Tena, kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumtupa anayepigwa, ingemtupa vilevile anayepiga, kwa kuwa kitendo na mjibizo ni sawa. Bunduki ya .375 yenye kilo 4.2 hurudi nyuma kwa takriban mita 3.5 kwa sekunde kutokana na risasi peke yake, na gesi ya baruti huongeza zaidi. Pigo hilo huumiza bega la asiyezoea, lakini halimwangushi.

Basi risasi huua kwa njia gani? Huua kwa kupenya na kuharibu. Ikifika kwenye ubongo au uti wa mgongo, mnyama huanguka papo hapo. Ikifika moyoni au kwenye mishipa mikubwa, huvuja damu na kuanguka baada ya sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo aweza kufanya mengi. Isipofika popote kati ya hapo, huwa imemtia jeraha na hasira tu. Wazee wa Kisukuma waliokuwa wakiwinda kwa upinde walilijua hili bila jedwali: mshale wa gramu 30 uendao mita 45 kwa sekunde una jouli 30 tu, sehemu ndogo kabisa ya nishati ya bastola, lakini ncha yake hukata, na ikipakwa sumu hukamilisha kazi ambayo nishati haikuweza. Sungusungu, walipoanza katika sehemu za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea hadi Mwanza, walibeba pinde na mishale hiyohiyo, na wezi wa ng'ombe hawakuidharau.

Mzigo wa kila sentimeta ya mraba

Kupenya kunategemea kasi na namna risasi ilivyotengenezwa, lakini kuna kipimo kimoja ambacho watu wengi hukisahau. Gawanya tungamo la risasi kwa eneo la uso wake wa mbele. Jibu ni mzigo ambao kila sentimeta ya mraba ya uso ule inaubeba nyuma yake. Kadiri mzigo ulivyo mkubwa, ndivyo risasi inavyoendelea mbele bila kusimamishwa upesi. Ni kama msumari na kichwa cha nyundo.

Risasi ya bastola ya milimita 9 ni fupi. Mzigo wake ni gramu 12.6 kwa sentimeta ya mraba. Ile ya .375 ni ndefu. Mzigo wake ni gramu 27. Sasa msomaji akadirie mzigo wa risasi ya gobore, yenye tundu pana la kutisha na uzito mara tatu ya risasi ya bastola. Jibu ni gramu 12. Ni sawasawa na bastola! Ukubwa wa tundu, unaosifiwa sana barazani, umeongeza tungamo, lakini umeongeza pia uso unaopaswa kupasua njia. Duara ndilo umbo baya kuliko yote kwa kupenya.

Mfano maarufu wa jambo hili ni Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu aliwinda sana katika nchi ya Karamoja, kaskazini ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe, idadi ambayo leo haiwezi kusomwa bila uchungu. Lakini kwa fizikia kisa chake kina mafunzo. Wawindaji wenzake walibeba bunduki nzito zenye matundu makubwa. Yeye aliwaua wengi wa tembo wake kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo nishati yake haikufika hata nusu ya ile ya.375. Siri ilikuwa nini? Risasi yake ilikuwa ndefu, ngumu, iliyofunikwa kwa ganda la metali kote, na mzigo wake ulikuwa gramu 27 kwa sentimeta ya mraba, sawa na .375 yenyewe. Zaidi ya hayo, Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno akachora mahali ubongo ulipo, ili ajue kuulenga kutoka kila upande. Bila ujuzi huo wa anatomia, risasi ileile mikononi mwa mtu mwingine ingekuwa mwaliko wa kifo, na ndiyo sababu desturi na kanuni za uwindaji katika Afrika ya Mashariki ziliiweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wakubwa wa hatari. Kanuni hutungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida aliyeshikwa na hofu, si kwa ajili ya Bell.

Jibu la swali la kwanza linaanza kuonekana. Ngozi ya kiboko inaweza kufika unene wa sentimeta 5. Chini yake kuna mafuta, misuli na fuvu zito. Risasi ya bastola, yenye mzigo mdogo na kasi ndogo, aghalabu itaishia njiani. Bastola ya .44 Magnum, iliyotokea Marekani mwaka 1955 na kusifiwa na wawindaji wa huko kwa ajili ya paa na hata dubu, ni bora kuliko ile ya milimita 9, lakini bado iko chini ya nusu ya .303, na mtutu wake mfupi hudai mkono mtulivu kuliko ule walio nao watu wengi mbele ya mnyama wa tani moja na nusu.

Maji, ngao isiyodhaniwa

Hadi hapa mnyama amefikiriwa kuwa yuko nchi kavu. Lakini mkazi wa ufukweni mara nyingi humwona kiboko au mamba akiwa majini, naye mwenyewe yumo katika mtumbwi au amesimama ukingoni. Hapo fizikia hubadilika kabisa, na makosa huweza kumgharimu mtu asiyehusika.

Kila mtoto wa Mwanza amewahi kurusha kijiwe bapa juu ya ziwa kikadunda mara tatu, mara nne, kabla ya kuzama. Risasi hufanya vivyo hivyo. Wanajeshi wa majini wa zamani waliijua tabia hiyo na waliitumia makusudi, wakilenga mizinga ili tufe lidunde juu ya maji hadi kwenye ubavu wa meli ya adui. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria pembe ambayo chini yake tufe hudunda badala ya kuzama: gawanya nyuzi 18 kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa densiti ya tufe na ya maji. Kwa risasi uwiano ni 11.3, kipeuo chake ni 3.36, na pembe inayopatikana ni nyuzi 5.4 hivi.

Sasa fikiria mvuvi aliyesimama ndani ya mtumbwi, gobore likiwa mita 1.5 juu ya maji, akilenga kichwa cha kiboko umbali wa mita 50. Pembe ya risasi yake na uso wa maji ni nyuzi 1.7 tu. Akikosa kwa chini kidogo, risasi haitazama. Itadunda na kuendelea na safari yake juu ya maji. Ili risasi izame badala ya kudunda, mvuvi huyo angepaswa kulenga mahali pasipozidi mita 16 kutoka alipo, yaani karibu mno na kiboko kuliko anavyotaka mtu mwenye akili zake. Mtu aliyesimama juu ya jiwe lenye urefu wa mita 5 ana nafuu: kwake risasi hudunda tu ikiwa imetua mbali kuliko mita 53. Risasi zenye ncha, ziendazo huku zikizunguka, hazifuati kanuni ya tufe sawasawa, lakini nazo hudunda kwa pembe ndogo, tena kwa upande usiotabirika. Jioni Ghuba ya Mwanza imejaa mitumbwi, vivuko na taa za wavuvi wa dagaa. Risasi iliyodunda haichagui.

Na risasi iliyofaulu kuzama je? Maji ni mazito mara 800 kuliko hewa, na ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi. Risasi ya duara ya gobore hupoteza zaidi ya asilimia 80 ya nishati yake katika mita moja ya kwanza. Ajabu ni kwamba risasi iendayo kasi zaidi si lazima ifike mbali zaidi: risasi nyepesi za bunduki za kivita, zikiingia majini kwa kasi kubwa, huyumba, hupinduka na mara nyingine huvunjika vipande kabla ya kumaliza mita moja, ilhali risasi nzito na ya polepole ya bastola huendelea mbele kidogo. Mwaka 2016 mwanafizikia wa Norwe, Andreas Wahl, alisimama ndani ya bwawa la kuogelea mbele ya bunduki ya kivita iliyozamishwa, akaifyatua kwa kamba akiwa mbali nayo mita chache; risasi ilizama sakafuni kabla ya kumfikia. Yeye alikuwa amepiga hesabu zake mapema pamoja na wasaidizi. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayerudia jaribio hilo.

Ukifikiri kwa makini, maji yenye uwezo wa kuizuia risasi yanaleta kumbukumbu nyingine. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa wapiganaji wa kusini maji ya dawa, kwa imani kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Agosti 30 mwaka huo, kwenye boma la Mahenge, bombomu zilitoa jibu la kikatili. Maji huizuia risasi kweli, lakini yanahitaji kina cha mita moja au mbili, na hakuna awezaye kujifunika kina hicho vitani.

Jambo la tatu ni nuru. Miali itokayo majini hupinda ifikapo hewani, kwa hiyo mnyama aliyezama huonekana juu kuliko alipo. Akitazamwa wima kutoka juu, aliye kwenye kina cha mita moja huonekana kama yuko sentimeta 75. Akitazamwa kwa mshazari, kosa huzidi. Wavuvi wa mkuki hulenga chini ya samaki wanayemwona. Mwenye bunduki husahau, kwa kuwa amezoea kuamini kwamba jicho, shabaha na risasi viko kwenye mstari mmoja.

Hata akipigwa vizuri, kiboko huzama. Askari wa wanyamapori hungoja saa moja au zaidi hadi gesi za majani yanayochacha tumboni zimvimbishe na kumwinua. Archimedes angefurahi, wanakijiji wanaosubiri nyama ufukweni hawafurahi sana.

Kwa nini gobore limedumu

Wenyeji wa ziwa walikutana na bunduki za kisasa mapema, tena kwa ubaya. Agosti 1875 Henry Morton Stanley, aliyekuwa amefika Kageyi karibu na Mwanza mwezi Februari, aliwashambulia watu wa kisiwa cha Bumbire. Watu wake walikuwa ndani ya mitumbwi na walitumia bunduki za Snider, ambazo risasi yake ya gramu 31 ilikuwa na jouli 2,200, kwa umbali ambao mishale ya Bumbire haikuweza kuwadhuru. Hilo halikuwa pambano.

Miaka 15 baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, isipokuwa kwa mikono ya serikali za kikoloni na walioruhusiwa nazo. Kilichoachwa huru ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Hiyo ni sababu mojawapo kwa nini fundi wa kijijini alirithi ufundi wa gobore na si mwingine.

Urithi huo una hatari yake. Mitutu mingi hutengenezwa kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kuhimili mkandamizo wa baruti. Baruti nyeusi huwaka polepole kiasi. Lakini baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884 na ambayo imo ndani ya risasi zote za kisasa, hupandisha mkandamizo ghafla na juu zaidi. Anayeifungua risasi ya kisasa na kuimimina baruti yake ndani ya gobore ametengeneza bomu na kulishika karibu na uso wake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha bila leseni; fizikia ya mabomba ilikataza zamani.

Bastola mjini

Wapo wenye leseni ya bastola kwa ajili ya kujilinda: wafanyabiashara wa dhahabu na wa samaki, watu wanaosafiri usiku na fedha. Kwao kiboko si tatizo. Binadamu si mnyama mwenye ngozi nene, na jouli 400 au 500 huua kwa wepesi wa kusikitisha. Hapa swali hugeuka: si kama risasi itapenya, bali itaishia wapi.

Bati halizuii risasi ya bastola, wala mlango wa mbao, wala ukuta mwembamba wa udongo. Bugando, Igogo na Mabatini, nyumba zimepandiana juu ya mawe, na ukuta wa huyu ni mbele ya kitanda cha yule. Risasi ya milimita 9 iliyokosa shabaha huweza kuruka zaidi ya kilometa moja, na ikigonga mwamba hurudi kwa pembe isiyojulikana. Kwa sababu hiyo polisi wa nchi nyingi hutumia risasi zenye ncha laini au yenye shimo, ambazo hutanuka zikiingia mwilini na kusimama humohumo. Risasi za namna hiyo zilipata jina la Dum Dum, kutoka kiwanda cha silaha karibu na Calcutta, na Azimio la The Hague la 1899 lilizikataza vitani kwa ukatili wa majeraha yake. Ni kitendawili kigumu: kilichokatazwa kwa askari adui hutumiwa na polisi ili kumwokoa mpita njia. Wawindaji nao huzitumia kwa swala, na huziacha kwa kiboko na tembo, ambako kutanuka ni kusimama mapema.

Swali la pili ni wakati. Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, alichapisha matokeo ya jaribio rahisi: mtu mzima mwenye kisu huweza kukimbia mita 6.4 kwa sekunde moja na nusu, muda uleule ambao mtu aliyezoezwa huhitaji ili kutoa bastola yake kwenye ala na kufyatua. Wanafunzi waweza kupima nusu ya kwanza ya jaribio hili katika uwanja wa shule kwa saa na utepe, bila silaha yoyote. Watashangaa jinsi mita 6.4 zilivyo fupi.

Kupima kasi kwa manati

Kasi ya risasi ilipimwa vizuri kwa mara ya kwanza na Mwingereza Benjamin Robins, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1742. Alipiga risasi kwenye kipande kizito cha mbao kilichoning'inia, akapima kilivyobembea. Shule yaweza kufanya hivyo kwa manati. Jaza udongo laini wa mfinyanzi katika kopo, ulining'inize kwa nyuzi mbili, na ulipige kwa jiwe la gramu 10 kutoka karibu. Wote wasimame nyuma ya mpigaji. Tuseme kopo pamoja na jiwe lina gramu 500, nalo limeinuka sentimeta 3.2. Kasi ya kopo baada ya pigo ni kipeuo cha pili cha 2 mara 9.8 mara 0.032, yaani mita 0.79 kwa sekunde. Kwa kuwa momenta haipotei, zidisha kwa 50: jiwe lilikuja kwa mita 40 kwa sekunde.

Wanafunzi wengi hujaribu njia ya mkato na kusawazisha nishati ya jiwe na nishati ya kopo lililoinuka. Waachwe wajaribu. Jiwe lilikuwa na jouli 8. Kopo lina jouli 0.16. Asilimia 98 ya nishati imekwenda kuutoboa udongo na kuupasha joto, na tundu lililobaki ndilo lile ambalo risasi huliacha mwilini.

Kuna mamba pia, na katika Sengerema na Buchosa wanajulikana kuliko viboko. Ubongo wa mamba hauzidi sana ukubwa wa kidole gumba, umefichwa nyuma ya macho ndani ya mfupa mgumu. Mwili uliobaki u chini ya maji yanayoidundisha risasi na kupotosha macho ya mlengaji. Naye hushambulia kutoka chini bila kuonekana, kwa hiyo aliyekuja kuchota maji hana hata hiyo sekunde moja na nusu ya Tueller. Katika baadhi ya vijiji hivyo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania imejenga vizimba vya nondo na wavu wa chuma vinavyoingia ziwani mita chache. Mtu huingia kwa upande wa nchi kavu, huchota ndani ya uzio na kutoka. Mamba huja, hugusa wavu kwa pua, na huzunguka.